Mbegu ya Nakijwa Yapitishwa Mionzini

Haya nimeyapata kwa wifi yangu Nangasu, masika yaliyopita, siku tuliyokaa jikoni tukichambua maharage na mvua imetuziba njia. Yeye aliambiwa na mtu aliyepita huko. Nchi yenyewe hakuitaja jina. Nilipomwuliza akanijibu, "Wewe sikiliza tu, si ya kwetu." Nikashukuru, maana kwetu mambo kama hayo hayawezi kutokea, na anayesema yanaweza ajitokeze aseme mwenyewe.

Basi nchi hiyo ilikuwa na taabu moja kubwa: chakula kilikuwa kinaoza. Mahindi yakiingia ghalani, wadudu dumuzi nao wanaingia. Nyanya inaondoka shambani nyekundu, inafika mjini maji. Serikali ikaona haiwezekani, ikaunda Wizara ya Kudumu kwa Chakula, na juu yake akawekwa Mheshimiwa Mshindo, mtu mwenye sauti nene, ambaye hakuwahi kuona chakula kikioza kwa macho yake, kwa kuwa mezani kwake hakikupata nafasi hiyo.

Huyo ndiye aliyeileta mashine. Ilitoka ng'ambo katika masanduku makubwa, ikajengewa nyumba ya zege yenye kuta nene kupita urefu wa mkono wa mtu mzima, na ndani yake mkawa na mionzi. Chakula kinapanda juu ya mkanda, kinapita mbele ya mionzi, mionzi inakipenya kama jua linavyopenya kioo. Wadudu wanakufa, vijidudu vya kuozesha vinakufa, na chakula kinatokea upande wa pili vilevile kilivyoingia, hakijapikika, hakina sumu, wala hakiwaki gizani kama watu walivyozusha. Ukweli usemwe: mashine ilikuwa nzuri. Katika hadithi hii yote, mashine ndiyo peke yake iliyofanya kazi iliyoletwa kufanya.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Mshindo alipanda jukwaani akala embe lililokuwa limekaa wiki nyingi likisubiri ratiba yake. Akalila mpaka kokwa, akajipangusa, akasema:

"Ndugu wananchi! Babu zenu walikula haraka haraka kwa kuogopa kuoza. Sisi tutakula taratibu! Kuanzia leo kuoza kumekoma. Nimekwisha kuweka sahihi!"

Watu wakapiga makofi. Waliokuja bila kustaftahi walipiga zaidi, macho yao kwenye kokwa.

Sheria iliyofuata ilikuwa na sentensi moja tu, na Mheshimiwa aliona fahari kwa ufupi wake: chakula chochote ndani ya mipaka ya nchi kipitishwe mionzini. Mbunge mmoja akauliza, je, na maziwa ya mama anyonyeshaye? Ikaundwa kamati. Kamati hiyo inakaa hadi leo, na wale watoto wamekwisha kuota meno.

*

Sheria ilichukua miezi miwili kupanda mlima hadi kijiji cha Vuruni, ikiwa nyuma ya pikipiki ya Afisa Udumu, Bwana Kirenga.

Vuruni hawalimi kitu kingine cha maana ila viazi mviringo, vile vyekundu vya ngozi ngumu. Na mbegu hawanunui. Msichana akiolewa hutoka kwao na kikapu cha viazi vya kupanda, na kikapu hicho ndicho kinachomfanya awe mke. Bila kikapu, hata apigiwe ngoma wiki nzima, ukweni ataitwa mgeni mpaka nywele ziwe nyeupe. Nakijwa alikuja na chake miaka thelathini na moja nyuma, kutoka kwa mama yake, naye mama yake alikipata kwa mama yake. Tangu hapo mume amefariki, paa limebadilishwa mara mbili, lakini viazi ni vilevile. Sasa binti yake Namsifu alikuwa amechumbiwa, na arusi ilisubiri mavuno tu, kipatikane kikapu.

Siku Kirenga alipopiga hodi, mvua ilikuwa imebakiza wiki tatu. Viazi vya mbegu vilikuwa vimetandazwa juu ya kichanja vinachipua, vimetoa vidole vifupi vyenye rangi ya zambarau, na Nakijwa alikuwa anavigeuzageuza kama mtu anayegeuza watoto wachanga kitandani.

"Mama, hivi ni nini?"

"Karibu, baba. Ni viazi."

"Naona. Vina nini?"

"Vimechipua."

Kirenga akarudi nyuma hatua moja. Alizaliwa mjini, na viazi alivifahamu vikiwa vimekwisha kukaangwa.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi juzi. Mwaka huu vimewahi, Mungu mkubwa."

"Na unafurahi! Mama, huu ni mwanzo wa kuoza. Imeandikwa." Akafungua kitabu cha wizara, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Kiazi kinachochipua kimeharibika."

Na kweli iliandikwa hivyo. Kitabu kilitungwa na watu wanaokula viazi, na kwa mlaji ni maneno ya kweli kabisa.

"Hii ni mbegu, baba. Hatuvili hivi."

"Haviliki?"

"Vinalika, mtu akizidiwa na njaa. Ila sisi hatuvili."

"Vinalika," Kirenga akaandika.

"Si nimekwambia hatuvili!"

"Mama yangu, fomu haiulizi ninyi mnafanya nini. Inauliza kitu chenyewe. Tazama, kuna visanduku viwili. Hiki: chakula. Hiki: si chakula. Nikitia alama hapa, vinakwenda mionzini vinarudi kwako salama salimini. Nikitia hapa, basi ni takataka iliyokutwa penye chakula, na mafuta ya taa ninayo kwenye pikipiki. Chagua wewe. Mimi sipendi kumlazimisha mzazi."

Namsifu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Na kisanduku cha mbegu kiko wapi, kaka?"

Kirenga akaitazama fomu juu hadi chini. Akaigeuza. Upande wa nyuma palikuwa na picha ya Mheshimiwa Mshindo akitabasamu.

"Hakipo, dada."

Nakijwa akavitazama viazi, akaitazama pikipiki. "Tia hicho cha kwanza," akasema. "Lakini nakwenda navyo mwenyewe."

"Ruksa. Chakula kinaruhusiwa kusindikizwa."

*

Kituo cha Mionzi kilikuwa bondeni, na foleni yake ilianza mbali kiasi kwamba waliokuwa mkiani waliamini wako kwenye foleni ya kitu kingine. Kila mtu alikuwa na chakula chake. Mbele ya Nakijwa palikuwa na bwana mwenye tenga la samaki wabichi. Nyuma yake mama mmoja alikuwa amepakata kapu lenye kuku anayeatamia, kwa kuwa afisa wa kwao alisema yai ni chakula na kuku ni chakula, ila hakujua kama vihesabiwe viwili au kimoja.

Siku ya tatu samaki walianza kujitangaza. Siku ya tano watu wakampisha mwenye samaki asogee mbele, wala si kwa huruma. Lakini mkaguzi akamrudisha: utaratibu ni utaratibu. Siku ya nane ndipo samaki wakapita, wakatoka upande wa pili wananuka vilevile, wakapigwa muhuri wa SALAMA.

"Bwana mkubwa, hawa wameoza!" akalia mwenye samaki.

"Wameoza, ndiyo," mkaguzi akamjibu kwa upole. "Lakini hawataoza zaidi ya hapo. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Nakijwa.

Aliyeiendesha mashine alikuwa msichana mmoja aitwaye Sikudhani, aliyesomea mionzi ng'ambo miaka saba. Alipofungua gunia la kwanza na kuona yale machipukizi, akainua uso.

"Mama, hivi si vya kupanda?"

Nakijwa nusura alie. Tangu Kirenga apande mlima, huyu alikuwa mtu wa kwanza wa serikali kuuliza swali hilo.

"Vya kupanda, mwanangu. Mvua i karibu."

"Basi usivipitishe. Sikia, mama, chakula cha hapa hakidhuru mtu, mimi mwenyewe nakila kila siku. Lakini kiazi kikipita mbele ya mionzi hakichipui tena maishani. Ndiyo faida yake kwa mlaji, kinakaa miezi na miezi kigumu vilevile. Cha kupanda ndiyo basi tena."

"Sasa nifanyeje?"

"Ngoja niulize juu."

Akapiga simu juu. Juu wakamwambia mbegu ni jambo la Wizara ya Kilimo. Akapiga Kilimo. Simu ikaita mpaka ikachoka, kisha ikapokelewa na mlinzi, ambaye alisema kwamba wizara imevunjwa tangu mwezi uliopita, na tangazo liko ukutani, akitaka atamsomea. Akamsomea: kwa kuwa chakula hakiozi tena, kilichokwisha kuvunwa kinatosha kutunzwa, na kulima kila mwaka ni kurudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Sikudhani akaweka simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nakijwa akamsogelea, akanong'ona. "Mwanangu, si unaweza kuizima kidogo tu, vikapita hivihivi?"

Msichana akaonyesha kwa macho. Nyuma ya kioo walikaa wakaguzi watatu wakitazama saa ya mashine. Walichokuwa hawajui ni saa inasema nini. Walichokuwa wanakijua ni pale mshale wake unapolala.

"Umeme ulikatika siku moja, kabichi zikapita bila mionzi," Sikudhani akasema. "Aliyekuwa zamu hajarudi kwao mpaka leo. Na mimi nina mama kama wewe."

Nakijwa akamsogezea gunia la pili.

Kabla ya kupitishwa, viazi vilinyolewa. Mkaguzi mmoja alikata machipukizi kwa kisu, moja moja, kwa bidii sana, akiyafagia chini ya meza. Kisha mkanda ukavuta, mlango mzito ukafungwa, pakasikika mlio kama wa nyuki walio mbali. Nakijwa akazunguka upande wa pili akasimama. Vikatoka. Akashika kimoja: hakina joto wala baridi, ni kiazi.

"Pole, mama," Sikudhani akasema.

"Pole ya nini?" mkaguzi akafoka, akigonga muhuri juu ya gunia. "Hongera!"

*

Mvua ikanyesha siku yake. Nakijwa akatoa majembe mawili.

"Mama," Namsifu akasema, "si ulisema yule dada amekwambia havioti?"

"Amesema."

"Sasa tunapanda nini?"

"Tunapanda. Shika jembe."

Maana mvua ikinyesha Vuruni mtu hajui kufanya jambo lingine. Wakapiga matuta, wakafukia, na katika shimo la kwanza Nakijwa akaweka viazi vitatu, akataja jina la mama yake kama alivyofundishwa. Majirani nao walifanya vivyo hivyo, kila mtu na gunia lake lenye muhuri. Wakangoja. Magugu yakaota, yakapaliliwa, yakaota tena. Watu wakaamka alfajiri kutazama matuta kama wanaotazama njia ya mgeni. Siku arobaini zikapita. Ukweni kwa Namsifu wakatuma mtu kuuliza, kwa heshima tu, kikapu kimefikia wapi. Nakijwa akamjibu kiko njiani.

Jioni hiyo akachimbua kiazi kimoja. Kilikuwa kizima, kigumu, ngozi imenawiri, ila macho yake yote yamefumba. Akakipangusa udongo, akakirudisha, kisha akafanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote anayeamini kwamba ofisi ni mahali pa kupeleka malalamiko.

"Bwana Kirenga," akasema asubuhi yake, "viazi havikuota."

"Vimeoza?"

"Havikuoza."

"Na mvua yote hii?"

"Yote."

"Siku arobaini, kwenye tope, havikuoza?" Kirenga akasimama. "Mama, rudia tena hayo maneno polepole niyaandike."

Karatasi ile ilikuwa ya kwanza katika historia ya wizara kufika juu siku ileile.

*

Mheshimiwa Mshindo alikuja na magari kumi na mawili na bendi ya tarumbeta. Vuruni nzima ilitolewa shambani, ikapangwa kwa urefu, wafupi mbele. Likafukuliwa tuta moja, kiazi kikainuliwa juu, kikaoshwa kwa maji ya chupa. Mheshimiwa akakigonga kwa kidole, akakisikiliza, akalia machozi halisi.

"Ndugu wananchi! Walisema udongo unaozesha kila kitu. Hata binadamu, mpende msipende, unamwozesha. Lakini kiazi cha serikali umeshindwa! Mataifa makubwa yanajenga maghala ya chuma. Sisi tumegundua ghala lisilo na paa, lisilo na ukuta, lisilo na ufunguo! Nalitangaza shamba hili kuwa Ghala la Taifa la Ardhini. Namba moja!"

Tarumbeta zikalia. Nakijwa akavishwa utepe begani, akatangazwa Mtunzaji Mkuu wa Wilaya, akapewa cheti chenye kioo. Wakamsukuma mbele ashukuru.

"Mheshimiwa baba yangu," akasema, "nashukuru. Ila hii ilikuwa mbegu. Haikuota. Msimu umekwisha, na binti yangu anaolewa hana kikapu. Tutakula nini, na mwakani tutapanda nini?"

Mheshimiwa akageuka kwa watu, uso umejaa mapenzi. "Mmesikia unyenyekevu huo? Mama anauliza mtakula nini, na amesimama juu ya chakula! Chakula kipo, mama. Kiko salama. Na ili kiendelee kuwa salama, ni marufuku mtu yeyote kukichimba."

"Na kikapu cha binti?"

"Atie cheti."

Bendi ikapiga, na watu wakacheka, kwa kuwa walielekezwa wacheke ikipiga. Kirenga akapandishwa cheo palepale: Mlinzi wa Ghala. Akapewa kiti, rungu na mwavuli wenye nembo. Magari yakageuka, vumbi likatua, na Kirenga akabaki katikati ya matuta akitazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

*

Wiki ya kwanza alikuwa mkali. Namsifu akija na jembe kupalilia anamfukuza: ghala halipaliliwi. Wiki ya pili chakula chake mwenyewe, ambacho ofisi iliahidi kumletea kila Jumatatu, kilikuwa bado kwenye foleni ya mionzi. Majirani walikuwa wamekwisha kuchimbua vyao na kuvila, kwa kuwa mashamba yao hayakutangazwa kuwa ghala. Wiki ya tatu, jua likiwa utosini, Kirenga akaita.

"Mama Namsifu."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Abee, baba."

"Hapo nyumbani... umepika?"

"Nipike nini? Chakula nimekilaza hapo. Si ndicho unakilinda?"

Namsifu akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Kirenga akatazama barabara. Haikuwa na mtu.

"Mheshimiwa alisema atakayechimba..."

"Nilikuwepo, baba. Nilivishwa utepe."

"Mimi nikitazama kule bondeni," akasema Kirenga, "siwezi kuona huku."

"Basi tazama bondeni."

Akatazama bondeni. Kisha akageuka akawasaidia, kwa sababu walikuwa wanachimba polepole.

Wakachoma viazi palepale kwenye tuta. Wakala siku ile, na ya pili yake, na ya tatu. Majirani wakasikia harufu wakaja na chumvi. Kila Jumatatu Kirenga akaandika ripoti, "Ghala liko salama," nako juu wakajibu, "Hongera." Ukweni kwa Namsifu wakatuma mtu tena, safari hii bila kukaa kitako. Hivyo shamba likaliwa tuta kwa tuta, mpaka likabaki lile shimo la kwanza.

Walilifukua mchana mmoja, watatu hao tu. Kila mtu kiazi chake.

"Vitamu," Kirenga akasema, mdomo umejaa. "Na wala havidhuru."

"Havidhuru," Nakijwa akasema. Hilo hakuweza kulikana.

Kirenga akajinyoosha chini ya mwavuli wa serikali, akaanza kukoroma. Namsifu akalaza kichwa mapajani pa mama yake.

"Mama, wa ukweni wakija kuuliza tena tuwaambie nini?"

"Waambie..." Nakijwa akaanza. Alipotazama chini, binti alikuwa amekwisha kusinzia.

Kiazi chake kilikuwa bado mkononi. Akakizungusha kwa kidole gumba, akipapasa jicho hadi jicho, kisha akakimenya ganda lililoungua, akakila chote, bila haraka. Ndani kilikuwa cheupe, hakina doa. Mbegu ya mama yake, na ya mama wa mama yake, ilifika mwisho wake hapo, haina mdudu wala ugonjwa, imepigwa muhuri. Alitaka akae macho mchana huo afikiri atawajibu nini watu, na mwakani itakuwaje. Lakini alikuwa ameshiba, jua lilikuwa la kupendeza, na usingizi haukumwuliza. Akalala.